Mlango Unaofunguliwa kwa Jirani: Wahamasishaji wa Afya na Mioyo ya Walatino wa Marekani

Mji wa El Paso, ulio ukingoni mwa jimbo la Texas nchini Marekani, hutenganishwa na mji wa Ciudad Juárez wa Meksiko kwa mto mmoja tu. Wakazi wake wengi wana asili ya Meksiko, na Kihispania husikika madukani, makanisani na mezani pa chakula. Katika mitaa ya namna hii, mtu wa kwanza kumweleza mkazi kwamba shinikizo lake la damu limepanda huenda asiwe daktari wala muuguzi. Huenda akawa jirani aliyepata mafunzo, aliyebisha hodi akiwa na kipimo cha presha mkobani na kitabu cha picha mkononi. Kwa Kihispania jirani huyo huitwa promotora de salud, yaani mhamasishaji wa afya. Akiwa mwanamume huitwa promotor. Wengi wao ni wanawake.

Kwa mtazamaji wa mbali, kazi hiyo ni nyepesi: kutembelea nyumba, kupima, kuzungumza, kuaga. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 30 taasisi za afya za Marekani zimekuwa zikiitegemea katika mapambano dhidi ya maradhi ya moyo miongoni mwa Walatino. Sababu yake ni imani. Mgonjwa humfungulia jirani mlango ambao hangemfungulia mgeni, na humweleza mambo ambayo hangeyatamka mbele ya daktari. Lakini imani hiyo haijitoshelezi. Isipokuwapo kliniki ya kumpokea mgonjwa, dawa anayoweza kuigharamia, na ujira wa haki kwa mhamasishaji mwenyewe, imani iliyojengwa kwa miaka huweza kupotea kwa siku moja.

Jamii moja yenye asili nyingi

Neno Walatino hutumika hapa kwa watu wanaoishi Marekani ambao wao wenyewe, au wazazi na mababu zao, walitoka Meksiko, Puerto Rico, Kuba, Jamhuri ya Dominika, na nchi nyingine za Amerika ya Kati na ya Kusini. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu kuwa watu milioni 62.1, karibu mtu 1 katika kila watu 5 wa nchi hiyo. Wapo ambao koo zao zilikuwako Texas na New Mexico kabla maeneo hayo hayajawa sehemu ya Marekani, na wapo waliowasili juzi. Wapuerto Rico ni raia wa Marekani kwa kuzaliwa, ilhali wahamiaji wengine huishi bila hati za ukaazi. Tofauti hizo zina uzito mkubwa katika afya, kwa kuwa ndizo zinazoamua nani atapata bima, nani atazungumza na daktari kwa lugha yake, na nani ataogopa hata kuingia hospitalini.

Ili kuielewa hali ya mioyo ya watu hawa, mwaka 2008 watafiti walianza uchunguzi mkubwa katika maeneo manne: Bronx jijini New York, Chicago, Miami na San Diego. Waliandikishwa watu 16,415 wenye umri wa miaka 18 hadi 74. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba wanaume 80 katika kila 100, na wanawake 71 katika kila 100, walikuwa na angalau kihatarishi kimoja kikubwa cha maradhi ya moyo. Vihatarishi vilivyohesabiwa ni shinikizo kubwa la damu, lehemu nyingi katika damu, kisukari, unene uliopitiliza na uvutaji wa sigara.

Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba si sahihi kuwaweka Walatino wote katika kapu moja. Kisukari kilionekana kwa takriban watu 18 katika kila 100 wenye asili ya Meksiko, lakini kwa takriban 10 tu katika kila 100 wenye asili ya Amerika ya Kusini. Uvutaji wa sigara ulikuwa mwingi zaidi miongoni mwa Wapuerto Rico. Jambo lililowashtua wengi ni kwamba waliozaliwa Marekani, na wale walioishi huko kwa miaka 10 au zaidi, walikuwa na hali mbaya kuliko waliofika karibuni.

Hapo ndipo panapoeleweka kile ambacho wataalamu huita kitendawili cha Walatino. Mwaka 1986 watafiti Kyriakos Markides na Jeannine Coreil walieleza kwamba Walatino wa kusini-magharibi mwa Marekani, ingawa walikuwa na kipato kidogo na huduma haba, vifo vyao katika mambo mengi vilikaribiana na vya Wazungu wenye uwezo kuliko vya maskini wenzao. Kitendawili hicho kimejadiliwa tangu wakati huo. Wapo wanaotaja nguvu ya familia kubwa zinazosaidiana, na wapo wanaosema kwamba wanaohama ni wale wenye afya njema tangu mwanzo. Vyovyote iwavyo, kuishi miaka mingi hakumaanishi kuishi bila maradhi, na kinga aliyokuja nayo mhamiaji hupungua kadiri mlo wake, kazi yake na usingizi wake vinavyobadilika.

Kazi yenye mizizi vijijini

Wahamasishaji wa afya hawakubuniwa katika ofisi za Marekani. Walikuwako Amerika ya Kilatini kwa miongo mingi, katika vijiji ambavyo daktari alikuwa mwendo wa siku nzima. Mwanakijiji aliyeaminiwa na wenzake alifundishwa kufunga jeraha, kumtibu mtoto anayeharisha na kutambua mgonjwa wa kupelekwa mbele. Katika milima ya jimbo la Sinaloa, Meksiko, Mmarekani David Werner alishirikiana na wahudumu wa namna hiyo, na kutokana na kazi hiyo akaandika kwa Kihispania kitabu kilichokuja kutafsiriwa katika lugha nyingi. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanakijua kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari.

Nchini Marekani, njia hiyo ilianza kuonekana katika kambi za vibarua wa mashambani. Sheria ya mwaka 1962 kuhusu afya ya vibarua wanaohamahama ilifungua fedha za kuwafuata watu hao waliko, badala ya kusubiri waje kliniki. Kibarua anayevuna nyanya alfajiri hadi jioni, anayelipwa kwa kile alichovuna, hawezi kuacha shamba kwenda kukaa kwenye benchi la kliniki. Ilibidi huduma imfuate, na ilibidi iletwe na mtu anayeijua lugha yake na uchovu wake.

Mbinu ya kufundisha pia ilitoka Amerika ya Kilatini. Mwalimu Paulo Freire wa Brazili alisisitiza kwamba elimu ya watu wazima ianze na maisha ya mwanafunzi mwenyewe, naye ahesabiwe kuwa mwenye maarifa na si chombo kitupu cha kujazwa. Mhamasishaji aliyefundwa hivyo haanzi na orodha ya makatazo. Huanza kwa kuuliza: hapa nyumbani hula nini asubuhi? Nani hupika? Nani hulala saa ngapi? Nani katika ukoo huu alikufa kwa moyo au kiharusi?

Moyo wako, maisha yako

Mwaka 1994 Taasisi ya Taifa ya Moyo, Mapafu na Damu ya Marekani ilianzisha mpango uitwao Salud para su Corazón, yaani afya kwa moyo wako, ukianzia katika eneo la jiji la Washington. Kutokana na mpango huo yalitungwa mafunzo ya wahamasishaji yaitwayo Su Corazón, Su Vida: moyo wako, maisha yako. Mafunzo hayo yalisambazwa katika maeneo mengi ya nchi kwa ushirikiano na vyama vya kijamii vya Walatino.

Yaliyomo si mageni kwa mhudumu yeyote wa afya: kutambua vihatarishi, kujua dalili za mshtuko wa moyo, kufanya mazoezi, kupunguza chumvi, kudhibiti lehemu na kisukari, kutunza uzito, kuacha sigara. Upya wake uko katika namna ya kufikisha ujumbe. Somo hufanyika sebuleni, katika ukumbi wa kanisa au shuleni jioni. Hutumika hadithi fupi za picha, maigizo na mapishi ya pamoja. Mwisho wa kila somo mshiriki hueleza jambo moja atakalolitenda wiki hiyo, na somo linalofuata huanza kwa kuulizana ahadi hiyo ilifikia wapi.

Familia nzima hualikwa. Kwa Walatino wengi, uamuzi wa afya si wa mtu mmoja. Binti ndiye amsindikizaye mama kliniki na kumtafsiria; bibi ndiye ashikaye mwiko; baba ndiye aamuaye kama kuna nauli. Kumfundisha mgonjwa peke yake, kisha kumrudisha katika nyumba ambayo chakula hupikwa vilevile, ni kumtwika mzigo asioweza kuubeba.

Sufuria lile lile, mkono mwepesi

Suala la chakula ndilo linalopima hekima ya mhamasishaji. Vyakula vya asili vya Meksiko na Amerika ya Kati vina mengi ya kuusaidia moyo: maharage, mahindi, nyanya, pilipili, parachichi, maboga, na majani manene ya mpungate yanayopikwa kama mboga. Madhara hutoka katika vilivyoongezwa au kubadilishwa. Maharage hupondwa na kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Supu hutiwa vidonge vyenye chumvi nyingi. Maji ya kunywa hubadilishwa kwa soda na vinywaji vya matunda vilivyojaa sukari. Katika mitaa ya maskini, duka la karibu huwa na makopo na vyakula vya pakiti kuliko mboga mbichi.

Mtu wa nje huweza kusema: acheni vyakula vyenu. Kauli hiyo huumiza, na haifuatwi. Mhamasishaji aliyekulia katika chakula hicho husema vingine. Maharage yabaki, ila yachemshwe na kuungwa kwa mafuta kidogo ya mimea, kitunguu na kitunguu saumu. Maharage ya kopo yaoshwe kwa maji kabla ya kupikwa ili chumvi ipungue. Chapati ndogo za mahindi ziwe nyingi mezani kuliko za ngano zilizokandwa kwa mafuta. Kachumbari ya nyanya na pilipili ikolezwe kwa ndimu badala ya chumvi. Kinywaji cha sukari kiwe cha sherehe, si cha kila mlo.

Ushauri huo unalingana na mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo hazifiki kijiko kimoja kidogo cha chai kilichojaa. Lakini mama anayepikia watu wanane hahesabu gramu. Anachohitaji ni kuonyeshwa, katika sufuria lake mwenyewe, kwamba ladha inaweza kubaki ilhali chumvi imepungua.

Ugonjwa usiouma

Adui mgumu zaidi ni shinikizo la damu, kwa kuwa kwa kawaida halina dalili. Mtu huamka, hufanya kazi, hucheka na watoto wake, huku mishipa yake ikiumia kimyakimya. Akipewa dawa, hujisikia vilevile kama jana. Na akiiacha, siku za mwanzo haoni tofauti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa huu hauonekani kwa macho.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mhamasishaji si kumweleza mgonjwa mara moja kwamba anywe dawa, bali ni kurudi. Hurudi wiki ya pili kuuliza kama dawa zilinunuliwa. Hurudi mwezi wa pili na kukuta kwamba zilinunuliwa, ila mgonjwa humeza kidonge kimoja kila baada ya siku mbili ili zidumu. Jambo hilo daktari aliyempa dakika 15 huenda asiambiwe kamwe. Ataona tu kwamba presha haijashuka, na huenda akaongeza dozi ya dawa ambayo mgonjwa hainywi ipasavyo.

Wahamasishaji hukutana pia na imani kuhusu chanzo cha maradhi. Miongoni mwa watu wenye asili ya Meksiko, wengi huamini kwamba kisukari hutokana na susto, yaani fadhaa au hofu ya ghafla: ajali, msiba, habari mbaya. Wengine huiogopa insulini kwa kuamini kwamba hupofusha, kwa sababu walimwona ndugu aliyeanza kuitumia akapoteza kuona muda mfupi baadaye. Ukweli ni kwamba macho ya ndugu huyo yaliharibiwa na kisukari cha miaka mingi, na insulini ilikuja ikiwa imechelewa. Mhamasishaji hamcheki anayeamini hivyo. Humwacha asimulie habari ya fadhaa yake, kisha humweleza kile ambacho sukari nyingi hufanya katika mishipa midogo ya jicho na figo. Mgonjwa aliyesikilizwa kwanza huwa tayari kusikiliza.

Vivyo hivyo kuhusu dawa za miti shamba. Mgonjwa akiulizwa kwa ukali, atakana. Akiulizwa na jirani anayezijua chai hizo kwa majina, atazitaja, na hapo daktari ataweza kujua kama mojawapo inagongana na dawa za hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua; lakini mara nyingi mgonjwa huficha kwa sababu ya namna alivyoulizwa.

Ushahidi unasema nini

Taaluma ya tiba haitosheki na sifa, hutaka vipimo. Huko El Paso, kati ya mwaka 2005 na 2008, watafiti wakiongozwa na Héctor Balcázar walifanya jaribio lililowagawa kwa bahati nasibu watu 328 wenye vihatarishi vya maradhi ya moyo. Kundi moja lilihudumiwa na wahamasishaji kwa mafunzo ya Su Corazón, Su Vida, na jingine lilipewa maelezo ya kawaida tu. Mabadiliko yaliyojitokeza wazi yalikuwa ya mwenendo: waliofundishwa walijitahidi zaidi kupunguza chumvi na mafuta na kutunza uzito. Katika awamu iliyofuata, iliyoitwa Mi Corazón, Mi Comunidad, moyo wangu, jamii yangu, wahamasishaji hawakuishia kufundisha. Waliwaongoza washiriki kwenye bustani za mji na vituo vya michezo, ili mtu aliyeshauriwa kutembea apate mahali salama pa kutembelea na wenzake wa kutembea nao.

Jaribio jingine lilifanyika Miami kwa Walatino 300 wenye kisukari kisichodhibitiwa, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Baada ya mwaka mmoja, waliofuatiliwa na wahudumu wa afya ya jamii walikuwa na shinikizo la juu la damu lililo chini kwa wastani wa takriban milimita 4.6 za zebaki kuliko wenzao. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilikuwa chini kwa takriban nusu ya asilimia moja. Kwa upande wa lehemu, tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika.

Matokeo hayo yasitiwe chumvi, wala yasidharauliwe. Kwa mgonjwa mmoja, kushuka kwa milimita 4 au 5 huonekana kitu kidogo. Kwa jamii yenye maelfu ya wagonjwa, kushuka huko kukidumu huzuia viharusi na mishtuko ya moyo ambayo ingetokea. Tena matokeo hayo yalipatikana bila dawa mpya na bila mashine mpya, kwa watu ambao mfumo wa kawaida wa tiba ulikuwa umeshindwa kuwafikia. Hata hivyo, yanakumbusha kwamba mhamasishaji hachukui nafasi ya dawa wala ya daktari. Kazi yake ni kuwezesha dawa na daktari kumfaa mgonjwa.

Pale imani inapovunjika

Mhamasishaji anapomshawishi jirani yake kwenda kliniki, huweka rehani jina lake. Jirani akipokewa vyema, jina hukua. Akifika akaambiwa hana bima, au akajibiwa kwa lugha asiyoielewa, au akarudishwa na bili asiyoweza kuilipa, lawama haimwendei mkurugenzi asiyemfahamu. Humrudia mwanamke wa nyumba ya tatu, ambaye atakutana naye kanisani Jumapili.

Hatari hiyo ni ya kweli. Walatino ndio wenye sehemu kubwa zaidi ya watu wasio na bima ya afya kati ya makundi makuu ya watu wa Marekani, na mageuzi makubwa ya bima ya mwaka 2010 hayakuwaruhusu wahamiaji wasio na hati kununua bima katika masoko yaliyoanzishwa na serikali. Vipo vituo vya afya vya jamii vinavyopata fedha za serikali kuu, ambavyo asili yake ni katikati ya miaka ya 1960, na ambavyo hutakiwa kumhudumia mtu bila kujali uwezo wake wa kulipa. Lakini si kila mtaa una kituo, na si kila mwenye kukihitaji anajua kwamba kipo. Wengine wanajua, ila wanaogopa kwamba jina lao likiandikwa litafika kwa maofisa wa uhamiaji. Hofu hiyo humfanya mtu mwenye maumivu ya kifua asubiri nyumbani, wakati kila dakika inayopita inaua sehemu ya msuli wa moyo.

Upo pia upande wa mhamasishaji mwenyewe. Kwa miaka mingi wengi walifanya kazi kwa kujitolea, au kwa posho za miradi ya miaka miwili au mitatu. Mradi ukiisha, ofisi hufungwa, watafiti huondoka na takwimu zao, na mhamasishaji hubaki mtaani na wagonjwa wanaoendelea kumbishia hodi. Kumsifu kwa moyo wake wa huruma huku akinyimwa ujira ni dhuluma iliyopambwa kwa maneno mazuri.

Hatua zimechukuliwa, ingawa polepole. Mwaka 1999 jimbo la Texas lilitunga sheria ya kushughulikia kazi ya wahamasishaji, na leo anayetaka cheti cha jimbo kwa njia ya mafunzo husoma kwa saa 160. Minnesota ilipitisha mwaka 2007 utaratibu wa kulipia kazi zao kupitia bima ya umma ya watu wenye kipato cha chini. Mwaka 2010 kazi ya mhudumu wa afya ya jamii iliingizwa katika orodha rasmi ya kazi ya serikali ya Marekani. California iliifanya kuwa huduma inayolipiwa na bima yake ya umma kuanzia Julai 2022. Wapo wahamasishaji wanaohofia upande wa pili wa mabadiliko hayo: kwamba vyeti, fomu na masharti ya elimu vitawatoa kazini wale wale waliokuwa na imani ya majirani, na kuwaweka watu wenye karatasi nzuri wasiojulikana mtaani. Hofu hiyo inastahili kusikilizwa na yeyote anayepanga programu ya namna hii.

Mambo ya kuzingatia

Nchi za Afrika Mashariki zina wahudumu wao wa afya ngazi ya jamii, ambao kwa muda mrefu wameshughulikia zaidi malaria, uzazi salama, chanjo, kifua kikuu na Virusi vya Ukimwi. Shinikizo la damu na kisukari sasa vinabisha hodi katika nyumba zile zile wanazozitembelea. Uzoefu wa Walatino haupaswi kunakiliwa kama ulivyo, lakini una mambo matatu ya kuzingatiwa. Kwanza, mhudumu achaguliwe kutoka miongoni mwa watu wanaomwamini, kisha afundishwe. Si kinyume chake. Pili, asipewe kipimo cha presha kabla haijajulikana mgonjwa atakayegunduliwa atapelekwa wapi na atapata dawa gani. Tatu, kazi yake ihesabiwe kuwa kazi.

Kwa mhudumu anayepima presha nyumbani, usahihi ni sehemu ya uaminifu. Mgonjwa akae ametulia kwa dakika 5, mgongo umeegemezwa, miguu imekanyaga sakafu bila kukunjwa nne, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe amevuta sigara, kunywa kahawa au kufanya mazoezi katika nusu saa iliyotangulia, na kibofu kiwe kitupu. Wakati wa kupima, wote wawili wanyamaze. Kipimo kimoja hakitoshi. Kirudiwe baada ya dakika moja au mbili, na namba ziandikwe ili mgonjwa abaki nazo. Vipimo vinavyofikia 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti vinahitaji kuonwa na mtaalamu. Namba zikifika 180 kwa 120, pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kichwa kuuma sana, kuona kiwi au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, huo ni wakati wa kukimbizwa hospitali.

Kwa mgonjwa na jamaa zake, dalili za mshtuko wa moyo zifahamike na kila aliye nyumbani: mkandamizo au maumivu ya kifua, maumivu yanayosambaa mkononi, shingoni, tayani au mgongoni, kukosa pumzi, jasho la baridi, kichefuchefu. Wanawake wakati mwingine hupata uchovu usio wa kawaida na kichefuchefu zaidi ya maumivu makali ya kifua, na kwa hiyo huchelewa. Asisubiriwe hadi asubuhi.

Na dawa za presha zisiachwe kwa sababu mtu anajisikia vizuri, wala zisigawanywe ili zidumu. Kama fedha hazitoshi, au kama dawa inaleta kikohozi, uvimbe wa miguu au upungufu wa nguvu za kiume, jambo hilo lisemwe. Mara nyingi ipo dawa nyingine, na mara nyingi ipo nafuu ya bei. Akiona haya kumweleza daktari, amweleze mhudumu wa mtaa wake, ambaye ataweza kumfikishia daktari au kumsindikiza kliniki.